Vifaa vya kuanzia kwa mpogoaji wa miti: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Miti ya mijini kwetu imezeeka pamoja na nyumba. Miembe ya Upanga, mikaratusi ya Karen, mivinje ya pwani, mijakaranda ya barabarani Nairobi na Arusha: matawi yake sasa yamelalia mabati, nyaya na magari, na masika yakikaribia wenye nyumba wanaanza kutafuta watu wa kuyapunguza. Vijana wengi wanaingia kazini na panga, kamba ya katani na moyo wa kuthubutu. Kuparaga wanajua, tena vizuri. Wanachokosa ni kitu cha kuwashika mguu ukiteleza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejifunza kupogoa akiwa juu ya mti, iwe chini ya fundi mzoefu au baada ya kozi. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: pesa ya kwanza iende kwenye vitu vinavyokushikilia juu na vinavyokinga kichwa, ya pili kwenye miguu, na msumeno wa mashine uje mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Wananunua mashine kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonekana kuleta kazi, kisha wanapanda nayo wakiwa wamejifunga kamba ya ng'ombe kiunoni.

Kabla ya kutoa pesa

Tenganisha vitu vya mwili wako na vitu vya kazi. Helmeti, mkanda wa kupandia, suruali, buti na glavu ni vya mtu mmoja. Vinakaa sawa kwa aliyevipima, na historia yake inajulikana kwa aliyevitumia. Mashine, kamba nzito za kuteremshia magogo na kapi ni vya timu, na mwanafunzi hana haja ya kuvimiliki.

Kama umeajiriwa, uliza kwanza mwajiri anatoa nini. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa kazi ya hatari. Kibarua wa siku moja mara nyingi haambiwi hivyo, kwa hiyo uliza wewe, tena kabla hujakubali bei.

Kisha jifunze kusoma lebo, maana ndiyo itakayokulinda dukani. Vifaa vingi vizuri vinavyofika kwetu vimepimwa kwa viwango vya Ulaya, na namba zake huanza na EN. Kifaa cha kuzuia kuanguka kilichopimwa kihalali huwa na herufi CE zinazofuatwa na tarakimu nne za taasisi iliyosimamia upimaji. Humo humo utakuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa na namba ya pekee ya kifaa hicho. Mkanda wenye CE peke yake, usio na tarehe wala namba, uache hapo hapo hata kama muuzaji anakupunguzia bei mpaka nusu.

Hatua ya kwanza: helmeti

Helmeti ya mjenzi wa ghorofa imetengenezwa kwa mtu aliyesimama chini akiangukiwa na kitu. Hata ikiwa na ukanda wa kidevu, kiwango chake cha EN 397 kinautaka ukanda huo uachie kwa nguvu ndogo ili helmeti ikinasa isimnyonge mtu. Mpandaji anahitaji kinyume chake: akigonga kichwa kwenye shina wakati anabembea, helmeti ibaki kichwani. Hiyo ndiyo maana ya EN 12492, kiwango cha helmeti za kupandia. Ipo pia mifano ya wapogoaji ambayo huja tayari na viziba masikio na wavu wa usoni, na ukiweza, chukua hiyo.

Ijaribu hivi: ivae, funga kidevuni, inama mpaka utazame magoti yako, kisha tikisa kichwa. Ikisogea kuja machoni, kaza gurudumu la nyuma. Ikiendelea kusogea, si saizi yako. Geuza uangalie ndani, utaona duara dogo lililochapwa kwenye plastiki lenye mshale unaoonyesha mwezi na mwaka. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa ukomo wa plastiki, na jua letu halisubiri ifike. Helmeti iliyopauka au yenye vinyufa vyembamba kama utando imekwisha.

Wavu wa usoni huzuia vipande vya mti, hauzuii unga. Vaa miwani ya kazi chini yake, hasa ukikata juu ya kichwa.

Hatua ya pili: mkanda wa kupandia

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ukienda Kariakoo au River Road kuulizia mkanda wa usalama, utapewa ule wa mafundi wa ghorofa wenye pete mgongoni, kiwango EN 361. Kazi yake ni kumdaka mtu anayeanguka, basi. Ukiuning'inia kwa ile pete ya mgongoni mikono haifiki popote, na baada ya muda mfupi damu inaanza kutuama miguuni. Mpogoaji anatafuta mkanda wa kukalia, wenye mapaja yaliyotengwa, pete za pembeni za kufungia kamba fupi, na daraja la mbele, yaani kipande cha kamba au utepe kinachoteleza kushoto na kulia unapogeuka. Kwenye lebo tafuta EN 813 na EN 358 pamoja.

Usiununue kwa macho. Omba muuzaji akutafutie boriti au tawi, uning'inie robo saa nzima, visigino vikiwa juu ya ardhi. Dakika mbili hazikwambii kitu, kila mkanda ni mzuri kwa dakika mbili. Ikifika dakika ya kumi utajua kama unabana kinena, kama kiuno kinapanda mbavuni, kama mapaja yanakufa ganzi. Jaribu ukiwa na suruali nene ya kazini, kwa sababu saizi hubadilika. Muuzaji akikataa kukuacha ujaribu, nunua kwingine.

Angalia pia kama daraja linaweza kubadilishwa peke yake. Ndilo linalochakaa mapema kuliko sehemu nyingine yoyote, na mkanda ambao daraja lake limeshonewa moja kwa moja unakulazimisha kutupa wote.

Hatua ya tatu: kamba na vinavyoshikana nayo

Kamba ndiyo sehemu ninayotaka uisome polepole.

Kamba ya katani ya Tanga ni nzuri kwa kufungia mizigo. Juu ya mti ina ubaya mmoja mkubwa: ikilowa na kukauka mara kwa mara huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba ya plastiki ya buluu au ya njano ina tatizo jingine. Plastiki yake ni polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 160, na kushuka haraka kamba ikisuguana na kamba kunaweza kufikisha joto hilo mahali padogo. Kamba hizo mbili ziache kwa kuvutia matawi chini.

Ya kupandia iwe ya kiini na ganda, isiyovutika sana, yenye kiwango EN 1891 aina A, unene milimita 11.5 hadi 13. Kwa anayeanza, nenda kwenye unene wa juu. Inashikika vizuri mkononi, na mafundo hukamata bila kuteleza.

Urefu unauhesabu kwa mti. Kwa mtindo wa kamba kupita juu ya tawi na kurudi, unahitaji mara mbili ya kimo cha mahali inapopita, na ziada ya mafundo. Ikipita mita 15 juu, ni mita 30 na ziada, kwa hiyo ya mita 35 inatosha kwa miembe na miti mingi ya uani. Kwa mikaratusi na mivinje chukua ya mita 45. Wala usishawishike kununua fupi ukitegemea utaunganisha. Mwisho wa kamba, upande wa chini, uwe na fundo la kuzuia kila unapopanda, usije ukateremka kupita mwisho wake.

Kamba ya pili ni ile fupi ya kiunoni, mita 3 hadi 5, yenye kirekebishi. Inazunguka shina au tawi na kurudi pete za pembeni. Kanuni ya kazi ni kwamba unapokata, uwe umeshikwa sehemu mbili, ili msumeno ukigusa moja nyingine ibaki. Zipo zenye waya wa chuma ndani, ngumu zaidi kukatika, lakini chuma kinapitisha umeme, na miti yetu mingi ya mjini iko jirani na nyaya.

Karabina, yaani pete za metali zenye lango la kufungua na kufunga, zisiwe za kukaza kwa skrubu. Skrubu hulegea zikisuguana na gome. Tafuta za kujifunga zenyewe zinazohitaji mijongeo mitatu kufunguka: sukuma juu, zungusha, bonyeza ndani. Kiwango ni EN 362, na ubavuni pawe pamechongwa nguvu zisizopungua kilonyutoni 20, sawa na uzito wa tani mbili hivi. Namba iliyobandikwa kwa stika usiiamini. Fungua na uachie mara kadhaa dukani: lango lirudi lenyewe na kujifunga kila mara bila kusaidiwa kidole. Anza na nne au tano zinazofanana, mkono uzizoee hata bila kutazama.

Kisha kuna kikamba cha fundo la msuguano, unachokifunga kwenye kamba ya kupandia, chenye unene wa milimita 8 hadi 10, kilichofumwa kwa nyuzi zinazovumilia joto. Fundo maarufu la namna hii, la prusik, lina jina la Karl Prusik, Mwaustria aliyelieleza mwaka 1931. Ukilivuta linabana, ukilisukuma linateleza. Vipo vifaa vya chuma vinavyofanya kazi hiyo kwa ulaini zaidi na bei yake ni kubwa, ila sioni sababu ya mwanafunzi kuanza navyo. Ukijifunza fundo kwa mikono utaelewa kwa nini linashika, na siku kifaa kikigoma utakuwa na njia ya kushuka.

Ongeza kitu kimoja kidogo ambacho wengi hukiruka: utepe wenye pete mbili, kubwa na ndogo, wa kupitishia kamba juu ya tawi. Kamba hupita kwenye pete badala ya gome. Mparachichi na miti mingine yenye gome jembamba huchubuka vibaya kamba ikisaga saa nzima, na msuguano huo huo unakula kamba yako.

Kufikisha kamba juu unahitaji uzi mwembamba wa mita 45 au 50 na kimfuko kizito cha gramu 300 hadi 400 cha kurushia. Hiki unaweza kukishona mwenyewe kwa turubai na mchanga, kwa kuwa hakuna mtu atakayening'inia juu yake. Ndicho kitu pekee katika hatua hii ninachokuruhusu kukiunda nyumbani.

Hatua ya nne: msumeno wa mkono

Mwaka wako wa kwanza msumeno wa mkono utafanya karibu kazi yako yote ya juu, kwa hiyo nunua mzuri. Uwe umepinda kidogo, urefu wa bamba sentimita 30 hadi 33, meno yanayokata ukivuta, na ala ngumu ya kufunga pajani. Ile ya Kijapani yenye meno makali sana inakata tawi la unene wa mkono kwa mivuto michache, ila meno mengi ya namna hiyo yamekomazwa kwa moto na hayanolewi kwa tupa. Yakiisha unabadilisha bamba, kwa hiyo uliza kama bamba la akiba linapatikana kabla hujalipa. Wapo wanaoagiza msumeno wa bei kubwa, kisha mwaka unaisha wanautumia ukiwa butu.

Panga libaki chini na mtu wa chini. Juu ya mti linatupwa kwa mkono wote karibu na kamba yako, na linaacha kidonda kilichopasuka. Jambo hili linagusa afya ya mti. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mnyama. Huzungushia ukuta sehemu iliyooza na kuotesha mbao mpya juu yake. Ukuta huo hujengwa vizuri tawi likikatwa nje kidogo ya ule uvimbe wa shingoni, panapokutana tawi na shina. Msumeno mfupi mkali unakufikisha hapo hasa: kata kidogo kwa chini, kisha juu mbele kidogo mpaka tawi lidondoke, halafu malizia kisiki kwenye shingo. Panga haliwezi.

Kwa sababu hiyo hiyo, miiba ya chuma ya kufunga miguuni usiinunue sasa. Kila hatua yake ni tundu kwenye gome, na inafaa kwa mti unaoangushwa tu. Mnazi ndio unaumia zaidi, kwa kuwa shina lake halina tabaka la kuotesha mbao mpya: kovu la leo utalikuta miaka 30 baadaye, kama zile ngazi ambazo wakwezi walizikata kwenye minazi ya mababu.

Hatua ya tano: miguu

Suruali ya msumeno haizuii mnyororo kwa ugumu. Ndani yake kuna matabaka ya nyuzi ndefu laini. Mnyororo ukigusa unazivuta, zinajisokota kwenye gurudumu la kuendeshea, na mashine inasimama. Viwango ni EN 381 kwa za zamani na EN ISO 11393 kwa mpya. Daraja la 1 limepimwa kwa mnyororo unaokimbia mita 20 kwa sekunde. Aina A inakinga mbele tu, na ndiyo ya kufanyia kazi chini, nyepesi kidogo kwa joto la Dar au Mombasa. Aina C inazunguka mguu wote na ndiyo ya mpandaji, kwa sababu juu ya mti miguu huwa inapanuka na msumeno unaweza kuja kutoka upande wowote. Misumeno ya betri ina nguvu ya kuzunguka hata ikikabwa, kwa hiyo usitegemee suruali iisimamishe kwa uhakika ule ule.

Mitumba huleta suruali hizi mara kwa mara, na si vibaya kuzitafuta huko, ila zikague. Lebo isomeke. Pitisha kiganja ndani ya mguu kuanzia kinenani hadi kifundoni: matabaka yawe sawa, yasiwe yamejikusanya chini kama shuka lililokunjamana. Tundu dogo la kitambaa cha nje linazibika. Tundu lililofika kwenye nyuzi nyeupe halizibiki, hata kwa cherehani, na fundi aliyewahi kushona kiraka kupita matabaka yote amezifunga nyuzi zisivutike. Usifue kwa dawa ya kung'arisha nguo.

Buti ziwe na ncha ya chuma, soli ngumu isiyokunjika kwenye kamba, na kinga ya msumeno, kiwango EN ISO 17249. Gambuti hazifai kupandia. Glavu nyembamba zenye mpira kiganjani zinatosha.

Hatua ya sita: huduma ya kwanza na mtu wa chini

Kiunoni pako kikae kifurushi kidogo: bandeji kubwa ya kukandamiza, mkanda wa kubana kiungo kuzuia damu, na filimbi. Kifurushi kilichobaki kwenye gari hakimfikii aliye mita 12 juu. Jifunze kuvitumia kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto.

Halafu kuna kifaa ambacho huwezi kukinunua peke yako: mtu wa pili anayejua kupanda, mwenye mkanda na kamba yake, awepo eneo la kazi. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda yuko hatarini hata kama hana jeraha, na gari la kuokoa halitafika kwa wakati. Timu yenye seti moja tu ya kupandia haijawa tayari kupanda.

Nyuki nawataja hapa kwa sababu vitabu vya Ulaya vinawapita haraka. Nyuki wetu ni wakali, wanapenda mashimo ya miembe na mibuyu, na mtu aliyefungwa kwenye kamba hawezi kukimbia. Nunua darubini ndogo ya bei nafuu. Zunguka mti taratibu kabla ya kurusha uzi, chunguza kila shimo dakika kadhaa, tazama kama kuna wanaoingia na kutoka. Wakiwepo, mwite mfuga nyuki kwanza. Kuhusu nyaya, hakuna kifaa katika mwongozo huu kinachokukinga na umeme: tawi likiwa karibu nazo, mwenye mti awaite TANESCO au Kenya Power wakate umeme kwanza, nawe usubiri.

Hatua ya saba: msumeno wa mashine, ukifika wakati

Unapoujua mti kwa kamba na msumeno wa mkono, anza na mashine ukiwa ardhini. Ya kwanza iwe ya mshikio wa nyuma, injini ya sentimita za ujazo 40 hivi, bamba la sentimita 35 au 40. Ile ndogo yenye mshikio wa juu inavutia kwa wepesi wake, ila imetengenezwa kwa mpandaji aliyefunzwa, na inapokurukia usoni mikono huwa karibu mno kuizuia.

Mashine za kuigiza majina makubwa zimejaa. Nunua kwa wakala mwenye spea na fundi, na kabla ya kulipa jaribu breki ya mnyororo: sukuma kinga ya mbele, mnyororo ugande kabisa. Hakikisha kichochezi hakibonyezeki bila kile kitufe cha juu ya mshikio, na kwamba chini kuna kidaka mnyororo. Beba tupa ya saizi sahihi, milimita 4 kwa mnyororo mdogo wa misumeno myepesi. Mchanganyiko wa kawaida wa kisasa ni 50 kwa 1, mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Pitia pia ofisi ya misitu ya eneo lako uulize kuhusu usajili na kibali, maana msumeno wa mnyororo unafuatiliwa na watu wa misitu. Anayetaka kujifunza rasmi aanzie kuulizia vyuo vya misitu, kama Olmotonyi kule Arusha au Londiani nchini Kenya.

Kama pesa ni kidogo

Mwezi wa kwanza nunua helmeti na miwani, ufanye kazi ya mtu wa chini: kuvuta matawi, kufunga, kutazama. Ukiendelea kupenda kazi, weka akiba ya mkanda, na usiupunguzie thamani. Kamba, karabina na kamba fupi zifuate kwa pamoja, kwa kuwa moja bila nyingine haikupandishi. Kisha msumeno wa mkono, kisha suruali na buti kabla hujagusa mashine hata ya kuazima. Mkanda, kamba na karabina usinunue vilivyotumika na mtu usiyemjua. Tindikali ya betri inaweza kuila kamba bila kuacha doa la kuonekana.

Kutunza

Kamba ilale kwenye mfuko wake, kivulini, mbali na petroli na betri. Stoo ya mabati yenye joto la mchana inaizeesha. Kila jioni ipitishe yote vidoleni, polepole, ukitafuta mahali palipobonyea, palipokuwa pagumu au penye mng'ao wa plastiki iliyoyeyuka. Ukipakuta mwishoni, kata kipande hicho. Ukipakuta katikati, kamba hiyo haipandiwi tena: ikate vipande vifupi siku hiyo hiyo, asije mwenzako akaiokota stoo akadhani ni nzima. Namba na tarehe ya kila kifaa ziandike kwenye daftari, na siku ulipokikagua mara ya mwisho.